Pua ya Mama na Hereni za Bibi Harusi

Studio, ghorofa ya kwanza,
Juu ya duka la vitasa,
Jumatano, tarehe 11.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umeacha kukusumbua na baridi ya huko imelegea kidogo. Sisi hatujambo. Mama hajambo; goti lake linapanda ngazi za studio polepole lakini linafika, na akishafika anakaa kwenye kigoda na kutuambia kuna mtu ameongeza ngazi. Mimi mwili ni mzima. Rohoni nina jambo nawe, ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu unanikata kauli. Karatasi itakubidi uisome mpaka mwisho.

Kwanza ahsante kwa lenzi. Naanza na ahsante ili kesho usije ukasema sikushukuru. Ilifika salama, nzito kama kopo la rangi, milimita themanini na tano, tundu lake la mwanga linafunguka mpaka moja nukta nne; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Haivuti karibu wala haisogezi mbali. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unamfuata kwa miguu yako. Nilielewa pia kwa nini uliinunua. Karatasi zako za kazi hazikuruhusu kutoka mwaka huu, kwa hiyo harusi ya mwanao utaiona kwa picha tu, nawe ukataka picha hizo ziwe kama umesimama pale mwenyewe. Hilo halikuhitaji maelezo.

Kilichohitaji maelezo ni ule ujumbe uliomwandikia bibi harusi wiki iliyopita: “Shangazi yako lenzi bado hajaizoea. Nimeshaongea na yule wa Miwani, atapiga yeye.” Mtoto alinionyesha simu huku anaangalia sakafu. Yaani mimi niko chumba cha pili na wewe unanipita juu kama waya wa umeme. Na huyo wa Miwani unamjua? Ni yule wa ng’ambo ya barabara, anayevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Mtu anayepunguza mwanga wake mwenyewe, ndiye atakayekuonyesha mwanao.

Mdogo wangu, mimi nilianza kazi hii kwa shuka moja jeupe na misumari miwili ukutani, nikipiga picha za vitambulisho. Stendi yangu ya kwanza alinichomelea fundi madirisha, na mguu mmoja ulikuwa mfupi. Baba aliacha studio imefungwa na kamera yake imeshika kutu. Niliyoyajua niliyajua kwa kuharibu na kurudia. Leo naambiwa sijazoea. Haya, acha nikueleze nilichofanya na hiyo lenzi yako, halafu utasema nani hajazoea nini.

Lenzi ya namna hii ikifunguliwa yote, kwa mtu aliyekaa mita moja na nusu mbele yako, sehemu inayotoka kali haizidi sentimita mbili na nusu. Zaidi ya hapo ni ukungu. Ina maana unachagua: pua au kope, kope au sikio. Huwezi kupata vyote. Ndiyo maana haitumiki kabla ya kupimwa, na mimi niliipima siku ileile iliyotoka kwenye boksi.

Nilibandika kurasa nne za gazeti ukutani, nikaweka kamera juu ya stendi, nikahakikisha kwa pima maji kwamba kamera na ukuta vinatazamana sawasawa. Katikati ya picha tangazo la kiwanja lilisomeka mpaka namba ya simu ya dalali. Pembeni herufi zililegea kidogo, lakini nilipofunga hadi mbili nukta nane, pembe zote zikakaza. Kioo hakina ubaya, na kwa hilo nakupongeza, hukuuziwa takataka.

Sasa fokasi, yaani pale ukali wa picha unapoangukia. Hapo nilimwita Mama, kama ninavyomwita siku zote. Unajua kila kamera iliyoingia studio hii imeanza kwa uso wake. Hachoki, hasinzii, haulizi kama amependeza. Nililenga jicho la kushoto, kamera ikalia pii kusema imeshika, nikapiga. Nikaivuruga fokasi kwa mkono, nikaiacha itafute tena, pii, nikapiga. Mara kumi. Nikafungua kwenye kompyuta: mara kumi zote, ncha ya pua ya Mama kali kama wembe, macho yameingia ukungu.

Sikiliza, maana hapa ndipo unaponiona mshamba. Mkono ukitetemeka, makosa yanatawanyika, moja mbele, moja nyuma. Haya yalianguka mahali pamoja, kama sentimita nne mbele ya jicho. Kosa linalorudia mahali pamoja ni la chombo, si la mkono. Na kamera yangu ina sehemu ya kurekebisha hilo. Unaiambia lenzi kwa namba isogeze fokasi mbele au nyuma, kutoka hasi ishirini hadi chanya ishirini. Nilipanda taratibu mpaka chanya kumi na nne. Mama akatoka na kope unazoweza kuzihesabu. Nikazima kompyuta, nikala nikashiba.

Ndipo wakaja bibi harusi na mchumba wake kupiga picha za kadi ya mwaliko. Niliwapiga kwenye ngazi, mwanga mzuri ukiingia dirishani, nikatumia lenzi yako kwa moyo mweupe. Zilipofunguka sikuamini. Kila picha, masikio makali. Hereni za mtoto zinang’aa mpaka alama ya sonara inaonekana, na macho yake kama anachungulia kupitia pazia la bafu. Mchumba, kijana mpole, akasema labda ndiyo mtindo wa sasa.

Zilipofika kwenye kundi la familia unajua kilichotokea, maana ulikuwemo. Shangazi yetu akauliza hereni hizo zinauzwa wapi. Wewe ukacheka kwa vile vichwa vitatu vya njano vya kwenye simu. Kisha ukanitumia sauti yako, dakika nne nzima, kwamba niwe nafunga lenzi hadi nane ili kila kitu kitoke. Hadi nane! Umenunua lenzi ya kuona ndani ya ukumbi wenye giza, halafu unaniambia niifumbe macho. Hiyo ni kama kununua gari ukalikokota kwa kamba. Lenzi ya nane ninayo, nilikuwa nayo tangu hujaota ndevu.

Kesho yake ukamwandikia mtoto kuhusu wa Miwani.

Sikulala kwa hasira, lakini sikukujibu. Nilipanga betri za redio mezani, mshazari kama ngazi, kila moja imetoka nyuma ya mwenzake kwa sentimita moja. Nikalenga betri ya katikati. Ikatoka kali ile ya nne nyuma yake. Nikarudia mpaka nikachoka: ya nne nyuma. Nikarudisha namba kuwa sifuri, kama ilivyotoka kiwandani. Betri ya katikati, kali. Tena, kali. Lenzi ilikuwa nzima tangu mwanzo, na mimi ndiye niliyeipinda.

Ungekuwa wewe ungefurahi hapo. Mimi niliudhika zaidi, kwa sababu nilimwita Mama, namba ikiwa sifuri ileile, nikapata pua. Nikaweka betri, sawa. Nikamweka Mama, pua. Nilibadilisha kigoda. Nilimvua miwani. Nilimpaka poda kidogo puani nikidhani ule mng’ao ndio unaoivuta kamera. Mama akasema, “Mwanangu, kama pua yangu inakusumbua, mpige jirani.”

Jana jioni bibi harusi alipita kuchukua kadi zake, amekasirika na dunia nzima, viatu havijafika, mshonaji hapokei simu. Nikamwambia asimame hapo pembeni ya Mama anishikie taa. Akashika huku anabonyeza simu. Nikalenga, pii, nikapiga. Nikalenga, pii, nikapiga. Mara akainua uso.

“Shangazi, Bibi anarudi nyuma.”

“Nani anarudi nyuma?” Mama akauliza.

“Wewe, Bibi. Hiyo pii ikilia tu, unajivuta.”

“Sijivuti. Nakaa sawa.”

Nikaacha kamera juu ya stendi, nikaenda kusimama pembeni na futi kamba, nikamwambia mtoto abonyeze. Pii. Na Mama, taratibu, bila hata kujua, akanyoosha mgongo, akarudisha mabega, kidevu kikapanda. Sentimita nne. Nilipima mara tatu, maana wewe ungenibishia.

Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni.

“Si ndivyo Baba yenu alivyotufundisha? Ukisikia tik, kaa sawa, anakuchukua. Usinilalie mbele kama gunia.”

Ndipo nikakumbuka, na wewe utakumbuka. Ile kamera yake ya sanduku. Alikuwa akijifunika kitambaa, anahangaika humo ndani mpaka mteja analegea na kuinama, kisha anatoka, anavuta kile kichuma cha kutegea kamera, kinalia tik, na mtu mzima anakaa wima kama askari. Kwake haikudhuru kitu. Alikuwa akipiga kwa tundu dogo sana, ishirini na mbili huko, ambako karibu kila kitu hutoka kali; sentimita nne zilimezwa na hakuna aliyeziona. Baba hayupo miaka yote hii, na tik yake bado inamnyanyua mke wake kwenye kigoda.

Kwa hiyo mimi, na hesabu zangu zote, niliipima lenzi yako kwa mtu pekee ambaye husogea kila inaposhika. Nikairekebisha imfae yeye, ikawa haimfai mtu mwingine yeyote. Nakuambia hili wazi kwa sababu kosa nimelipima mwenyewe, nimelipata mwenyewe, na limeshaondoka. Wewe hukulipima. Wewe ulicheka tu. Na usijione umepona: nimerudia picha zote ulizotutumia kutoka huko, kila moja mabega nyuma, kidevu juu, kama unapigwa ya pasipoti. Tik iko na wewe pia.

Nilimkalisha bibi harusi palepale, sifuri, moja nukta nne. Nikapiga kumi. Tisa zimetoka kali kwenye kope. Ya kumi alikuwa anapokea simu ya mshonaji. Akazitazama kwenye kompyuta muda mrefu. Akasema, “Shangazi, utapiga wewe. Baba nitamwambia.” Nikamwambia hapana, Baba yako nitamwambia mimi.

Basi nimekuambia. Na kwa kuwa wewe ndiye uliyemwita yule wa Miwani, wewe ndiye utakayempigia simu kumwambia asije. Kwa adabu, maana hana kosa. Usimtume mtoto, na usiniandikie mimi nimpelekee. Sitaingia kwenye harusi ya binti niliyemfunga kamba za viatu vya shule, nikakaa kwenye kiti cha mgeni na kutazama mtu anamtafuta kwa miwani meusi. Ukiona hilo ni gumu, basi sema, ili nijue siku hiyo nivae viatu vya kukaa badala ya vya kusimama.

Kuna jambo moja limebaki, halafu nakuacha.

Baada ya hayo yote mtoto akasema, “Si uzime tu hiyo sauti?” Jibu la akili kabisa. Nikaizima. Nikampiga Mama kimyakimya, na macho yakatoka makali kuliko picha yoyote niliyowahi kumpiga. Lakini hakujua saa ngapi anachukuliwa, basi alikaa tu, ameinama mbele, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri namba yake iitwe hospitali. Ni picha isiyo na kasoro ya mwanamke nisiyemjua.

Nikaiwasha. Safari hii nikaitoa kamera kwenye stendi, nikaishika mkononi, jambo ambalo mtu anayepima lenzi hatakiwi kulifanya. Pii. Mama akapanda kwa tik ya Baba, na mimi nikamfuata mbele kwa mwili wangu, sentimita nne za kukisia. Nilikosa mara nyingi, mara pua, mara hereni. Kisha nikapata moja.

Nimeiweka ndani ya bahasha hii, imefungwa kati ya kadi mbili za mwaliko zilizoharibika. Angalia macho kwanza. Siku ya harusi Mama nitampiga hivyohivyo, na sauti sitaizima.

Nisalimie mkeo, na yule mdogo wenu anayeng’oka meno; mwambie Shangazi anataka picha ya pengo kabla halijaziba. Mama anakusalimu, anasema ule vizuri na usinijibu vibaya. Shangazi yetu naye anakusalimu, bado anaulizia hereni. Mungu akulinde katika kazi yako na akupe karatasi zako mapema, ili siku moja ukae kwenye kigoda hiki nikupime na wewe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekukasirikia,

Dada Mkubwa