Wanapoita Sylvère, Ninaitika Mimi

Mpendwa Mama Khadidja, nakuomba uitangulize barua yangu mbele ya zile za watu waliogombana na wake zao, kwa sababu nimebakiwa na vidonge vya siku kumi na moja na sijui kama nitaweza tena kwenda kuchukua vingine. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, utanisamehe mwandiko. Jina langu nimeliandika chini kabisa, lakini usilisome redioni.

Mimi ni Mkongomani wa upande wa Walungu, mwaka wa nne huu niko Bujumbura, nafanya kazi Buyenzi kwenye gereji ya mzee Hamimu, na kazi yenyewe ni kuvunja magari yaliyochomwa njiani katika vita hivi, yale ya kwenye misafara, yanaletwa yakiwa meusi na mimi nafungua kila kinachoweza kufunguka, mlango, gia, kioo kama kimepona, na mara nyingine chini ya kiti nakuta kiatu au kitana, naviweka pembeni, hakuna anayekuja kuviulizia. Kazi hiyo nilikuwa naifanya na Sylvère, Mrundi wa Muramvya, na tulilala chumba kimoja Bwiza. Tuliugua pamoja, tukapima wiki ile ile, tukakutwa na virusi wote wawili. Kituoni wakatuambia dawa zipo lakini orodha imejaa, nafasi inapatikana mtu akifa au akihama, tukaandikwa tusubiri. Yeye akaitwa, mimi sikuitwa. Basi Sylvère akaniambia, "Apana lia, we Mukongomani. Ya asubuhi ni yangu, ya jioni ni yako," na miezi mitano tuligawana hivyo, kidonge kimoja yeye, kimoja mimi, hatukumwambia mtu.

Mwezi wa saba mwaka jana, wiki ile mabomu yalipoanguka mjini, Sylvère alitoka kwenda kuchota maji na hakurudi kwa miguu yake. Tulimzika haraka, mimi na Hamimu na wenzetu watatu wa gereji, milio ya bunduki inasikika, hakuna hata mtu mmoja wa kwao aliyekuwepo maana njia zilikuwa zimefungwa. Niliporudi chumbani nikakuta kadi yake juu ya kopo lake la dawa. Kadi haina picha. Tarehe yake ilipofika nilikwenda, muuguzi alikuwa mpya, anaitwa Caritas, hakumjua marehemu, akasoma, "Sylvère," na nikausikia mdomo wangu unasema, "Niko."

Tangu hapo nameza vyote viwili, cha asubuhi na cha jioni, na mwili umerudi, nanyanyua injini ambazo mwaka juzi nisingezisogeza. Lakini mwezi wa kumi na moja nimekaa kwenye benchi, dawa za Sylvère tayari ziko mapajani, Caritas akafungua karatasi mpya, akasema nafasi zimeongezeka, akaanza kuita waliosubiri, na jina la nne lilikuwa langu. Mama, nilinyamaza. Ningesimamaje, na watu wote wamenisikia nikiitika jingine? Aliita mara tatu, akatazama benchi lote, akanitazama hata mimi usoni, kisha akachukua kalamu, akalikata, akasema taratibu, "Huyu naye amekwenda." Mwanamke aliyekaa karibu yangu akafanya ishara ya msalaba kwa ajili yangu.

Siku hizi Hamimu akiniita kwa jina langu nachelewa kugeuka, mpaka ananiambia, "We, masikio nayo umeyafungua ukayauza kama vipuri?" Wenzangu wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu mtu akisema Sylvère ng'ambo ya barabara, nageuka mara moja.

Sasa sikia lililonifanya nikuandikie. Kule Muramvya walipata habari ya msiba, wakaanza kilio. Kisha mwanamke mmoja wa kilima chao, yaani kijiji chao, anayechukua dawa hapo hapo kituoni kwetu na anayemjua Sylvère kwa jina tu, si kwa sura, alipokwenda kwao akawaambia, "Mbona nasikia anaitwa kila mwezi, na anaitika?" Kilio kikakatizwa. Mama yake Sylvère, anaitwa Dative, akashuka mjini, na nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa amekaa benchi la mbele, mimi simjui. Caritas akaita. Nikasema, "Niko." Yule mama akageuka, akanitazama kwa muda wa watu wawili kuitwa. Halafu akaja, akashika kiganja changu, akakigeuza, akasema kwa Kirundi, "Umekonda, Sylvère." Mimi sijakonda, Mama Khadidja. Nimenenepa.

Amepata pa kulala kwa jirani katika uwanja wetu. Asubuhi na jioni anakuja na viazi na maharage, anasimama mlangoni, haingii, anangoja mpaka nimeze. "Meza, mwanangu." Anajua saa kuliko mimi. Nilijikaza nikamwambia, "Mama, mi si mwanao." Akanijibu bila hasira, "Watoto niliowazaa najua kuwahesabu. Wakiita, wewe itika. Siku utakayonyamaza ndiyo siku atakayokufa."

Nikisema kweli nitakosa dawa, na yule mama atampoteza mwanawe kwa mkono wangu. Nisiposema, basi mimi ndiye niliyekufa mwezi wa kumi na moja, na mke wangu kule Walungu hajui kama ni mjane. Nishike lipi?

(Jina tunalo)

*

Mama Khadidja anajibu:

Ndugu yangu, barua yako nimeitanguliza. Wenye ugomvi na wake zao wasubiri kidogo.

Pole kwa rafiki yako. Aliyekupa nusu ya uhai wake alikupenda, na hilo usiruhusu mtu alicheke. Lakini mlikosea wote wawili, na wanaogawana hivyo leo, mume na mke, ndugu na ndugu, nao wanisikilize. Nusu ya dawa haitibu nusu ya mtu. Inaufundisha ugonjwa kuizoea dawa, na siku mtakapopata kamili, huenda isiufanye kitu. Daktari lazima ajue habari ya miezi ile mitano, na hawezi kuijua, kwa sababu kila akifungua faili lako anasoma uzito wa marehemu na damu ya marehemu, kisha anakutibu wewe. Wewe umevunja magari mangapi? Unajua mtu akibandua namba ya gari lililokufa akaibandika kwenye gari jingine, litatembea, litatembea, mpaka kizuizi cha kwanza.

Na kuna jambo hukuliandika, labda hukuliona. Unasema unaogopa kukosa nafasi. Ndugu yangu, wewe ulipewa mbili. Moja ya marehemu umeikalia. Ya pili ilikuja ikakuita kwa jina lako mara tatu, ukaiacha ipite. Benchi lile lina mtu anayesubiri kama ulivyosubiri wewe, anakohoa, anaambiwa orodha imejaa. Imejaa nini? Imejaa Sylvère.

Sasa fanya hivi. Usiruke kidonge hata kimoja kwa ajili ya hofu. Usingoje siku kumi na moja. Jumatatu asubuhi nenda kwa Caritas kabla watu hawajajaa, umpe kadi, umwambie yote, na ya kugawana pia, umwombe akurudishe orodhani kwa jina lako. Atakugombeza, na ana haki. Nilimuuliza daktari mmoja bila kukutaja, akasema mtu aliyekwisha anza dawa hafukuziwi mitaani, maana kukatiza ni hatari kuliko uongo wako. Sikuapii kwa niaba ya kituo nisichokiongoza. Wakikukatalia, njoo hapa mlangoni kwetu siku hiyo hiyo, uliza Khadidja, nitavaa viatu twende wote. Na mke wako mwandikie wiki hii umweleze, naye apime. Kumwonea haya hakutamlinda.

Nakuja kwa Mama Dative. Usimwite mwenda wazimu wala usijidanganye kwamba umemdanganya. Alipogeuza kiganja chako alitafuta alama anazozijua, hakuzikuta, na akachagua. Anakulisha kwa sababu kuna kinywa kilichobaki cha kulisha. Lakini kilio kilichokatizwa hakipumziki, wewe umeishi na Warundi miaka minne, unajua: mpaka ndugu wakae, wanywe pamoja, wamalize msiba, marehemu hana pa kwenda. Mnamzungusha kati ya benchi na mlango wako. Mchukue mama huyo, wewe na mzee Hamimu, mpelekeni kaburini mkamwonyeshe mahali. Umsimulie alivyosema mwanawe siku ile, kwamba ya jioni ni yako. Hilo ni lake, amelisubiri kuliko wewe ulivyosubiri vidonge. Na siku watakayomaliza kilio kule kilimani, kama njia iko wazi, panda ukakae katikati ya jamaa zake. Hakuna anayestahili kiti hicho kuliko wewe.

Lakini kabla ya hapo, tarehe ya Sylvère ikifika, mwombe Caritas aliite jina hilo mara moja ya mwisho. Mama Dative awe kando yako, umshike mkono, na ninyi wote wawili mnyamaze. Mwache aite mara tatu. Usimwogope mtu atakayegeuka kukutazama.

Halafu bakini hapo hapo kwenye benchi mpaka aite la kwako. Nimelisoma chini ya barua. Umeliandika kwa kalamu nzito kuliko barua yote, na nimekutii, sikulitamka. Litamkwe huko. Uitike wewe.