Simu Niliyokupigia Kutoka Kwenye Baridi ya Cooma

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mdomo wangu haujui kuanza nawe kwa neno jingine. Nakuandikia nikiwa jikoni kwangu hapa Macquarie Fields, Jumapili jioni, nguo nimezianika nje na mvua inazinyeshea, wala siinuki kwenda kuzianua. Nina jambo limenikaa kooni tangu Julai. Ni ile simu, baba. Wewe unaijua nusu yake tu, na nusu nyingine nataka uisikie kwangu.

Lakini kwanza nikukumbushe Makete. Nilikuwa darasa la tano, ukanipakia kwenye lori lako tukapanda kufuata viazi, mwezi wa saba, mama akinung'unika kwamba utaniletea homa ya mapafu. Asubuhi yake majani yalikuwa meupe kwa barafu. Malori yakawaka, yakaenda hatua chache, yakazimika moja baada ya jingine. Wenzako wakajaza makaa ya moto kwenye karai wakataka kulisukuma chini ya tenki, nawe ukawafokea, "Mnataka kutuchoma wote kwa ajili ya viazi?" Ukafungua filta, ukamimina dizeli kwenye chupa, ukaninyanyulia niione kwenye jua. Ilikuwa na ukungu, nzito, kama mafuta ya kupikia yaliyolala sufuriani. "Unaona?" ukaniambia. "Injini nzima kabisa. Ina njaa tu." Mkashinda pale mkikanda filta kwa matambara ya maji moto. Mimi nilikaa kiti cha mbele nikiomba gari lisipone haraka, maana siku hiyo nilikuwa na wewe peke yangu.

Na uliponifundisha kuendesha, baba mdogo akaja juu. Akauliza huyu binti ataolewa na nani na mikono imejaa grisi. Ukamjibu bila hata kugeuka, "Ataolewa na mwenye gari bovu." Nimecheka maneno yale miaka yote, hata huku.

Siku nilipokutumia picha ya lori langu la kwanza hapa Sydney, ulinipigia ukauliza ekseli ngapi, gia ngapi, tenki linabeba lita ngapi. Kama nimekula, ulikumbuka kuniuliza mwishoni. Mama alikuwa nyuma yako anasema, "Muulize basi kama anavaa sweta!" Ulijua kila njia ninayopita. Nilikuwa natoka bohari ya Ingleburn na bidhaa za madukani, naelekea milimani kusini, Cooma na vijiji vya juu yake, na wewe ulikuwa unaniambia kila safari: ukienda kwenye baridi, jaza mafuta yanayouzwa kwenye baridi. Huko milimani wanauza dizeli ya majira ya baridi, iliyotengenezwa isigande. Bosi wetu wa zamu naye alitukumbusha kila wiki. Kwa hiyo nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Sasa Julai ile. Kirusi kilikuwa kimerudi kwa kishindo, Sydney imefungwa, na sisi wa upande huu wa kusini magharibi tulionekana kama tumekizaa wenyewe. Tunapimwa pua kila baada ya siku chache ndipo turuhusiwe kutoka kwenda kazini mbali. Safari iliyotangulia, kwenye kituo kimoja cha mafuta huko juu, mhudumu alisoma anwani yangu kwenye karatasi ya kipimo, akarudi nyuma mpaka akagonga rafu ya chokoleti. Akaninyooshea kidole nisubiri nje. "Mate," akasema, ndivyo wanavyoitana rafiki huku, usikasirike, lakini simama nje. Niliudhika, baba. Unanijua nikiudhika. Nikaapa sitakanyaga tena mlango wao. Safari iliyofuata nikajaza tenki lote hapa hapa Ingleburn, dizeli ya kawaida, nikajiambia kibaridi kitanifanya nini. Kiburi kile ndicho kilichoanza yote.

Nililala kwenye kebini pembeni mwa Cooma, kwa sababu nyumba za wageni hazikutaka mtu wa Sydney. Nikazima injini nisiwaudhi wenye nyumba za karibu. Asubuhi kioo kilikuwa kimeganda hata kwa ndani, na maji yangu ya kunywa yalikuwa jiwe. Lori likawaka vizuri. Nikashukuru mapema mno. Lilipoanza kupanda kilima likaishiwa nguvu, nikakanyaga mafuta, wapi, likakohoa, likafa. Nikawapigia ofisini wakasema fundi anakuja lakini ana foleni ya wengine, nitulie. Na dukani kule watu walikuwa wanasubiri maziwa na unga.

Nikakupigia wewe. Watu nimewaambia sikufikiria saa za kwenu. Uongo mtupu. Nilijua Njombe ni usiku wa manane, na nikapiga. Nilijua pia unaumwa. Mama alishaniambia una mafua na kifua kinakubana, mafua ya Julai tu, akasema, na wakati ule huko kwetu kila mtu alikuwa anasema mafua. Nikajiambia, baba hajawahi kukasirika kuamshwa kwa ajili ya gari.

"Shikamoo baba, samahani, limezimika."

"Marahaba. Ngoja," ukasema, na nikasikia mlango, kisha buti zako barazani. Umetoka nje ili usimwamshe mama. Baridi ya kwenu Julai naijua mimi, na nilinyamaza.

Ukaniuliza kama ulivyokuwa unawauliza wenzako. Lilikaa muda gani kabla ya kuzimika? Lilizimika ghafla au lilififia? Ukaniambia niweke simu karibu na injini nipige stata, mara moja tu, nisimalize betri. Nikapiga. Ukasikiliza. "Stata nzima, betri nzima. Ni mafuta hayafiki." Halafu ukauliza, taratibu, "Ulijaza wapi?"

Nikasema Ingleburn.

"Ingleburn kuna baridi?"

"Hakuna, baba."

Ukacheka, lo, ukacheka kweli, na kicheko kikageuka kikohozi. Kilikuwa kirefu. Nikasimama pale barabarani nimeshika simu na kusubiri kiishe ili uendelee kuniambia la kufanya. Sikuuliza. Ulipopata pumzi ukauliza kama nina maji ya moto. Nikakwambia sina maji yoyote, yameganda, nina chai tu kwenye chupa.

"Ina sukari?"

"Ina sukari na tangawizi."

"Itanata. Ipashe moto, mbali na tenki, uloweshe taulo, uizungushie filta. Usiniwashie moto chini ya gari wewe."

Nikafanya. Nina jiko langu dogo la gesi la kupikia ugali njiani, nikalitega mbali, nyuma ya trela, nikachemsha chai. Nikafungua filta chini kidogo, ikatoka dizeli yenye ukungu na vipande vya barafu ya maji, nikakueleza kila kitu nilichokiona nawe ukasema, "Hapo hapo." Nikaizungushia taulo la chai, nikapiga pampu ya mkono mpaka ikawa ngumu. Mikono ilikufa ganzi, nalia kwa baridi, nawe unaniambia, "Pole pole, mama. Pole pole." Ulikuwa unasema maneno mawili, unapumzika, unasema mengine mawili. Nilisikia hivyo vituo. Baba, nilivisikia! Nikajiambia ni mtandao.

Lori likawaka. Ukaniambia nisikanyage, niliache lingurume pale lilipo mpaka lipate joto, maana mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yatapasha tenki. Na nikifika mjini nitafute ile dizeli ya huko niongezee juu yake kabla sijaenda popote. Ukataka kusikia mlio. Nikaweka simu karibu na injini na tukasikiliza wote wawili, mimi Cooma wewe Njombe, dakika nyingi tu. Ulikuwa umesimama nje kwenye baridi usiku ule na kifua kile unasikiliza lori. Nilikuwa na furaha kama ya Makete, baba, na furaha hiyo ndiyo inayonitesa. Ningeweza kusema, ingia ndani sasa. Sikusema, kwa sababu nilitaka uendelee kukaa nami.

"Limetulia," ukasema. "Nenda kwa usalama."

Nikasema ahsante baba. Nikakata. Nikawapelekea watu maziwa yao.

Wiki haikuisha. Mjomba ndiye aliyenipigia. Ndege hakuna, mipaka imefungwa, mtu haruhusiwi kutoka wala kuingia, nikakuzika kwenye simu, nimekaa ndani ya lori uani Ingleburn, picha ikikatika kila mara udongo ukianza kumwagwa. Hapa nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kuja kukaa nami. Jirani yangu wa Bukavu aliacha sufuria ya wali na maharage mlangoni, akaenda kusimama ng'ambo ya barabara, akalia kule kule kwa sauti ili nijue siko peke yangu. "Courage, dada!" akaniitia kwa Kifaransa chao, nijipe moyo. "Pole sana, dada! Courage!" Nikalia naye, yeye kule na mimi huku.

Sasa sikia ambalo hulijui. Wiki baada ya mazishi mama akaniambia, kwenye simu yetu ya Jumapili, "Kuna dereva mmoja mpumbavu alimpigia baba yako usiku akamtoa kitandani. Nilimuuliza ni nani, akasema ni dereva amekwama. Amekaa nje na kifua kile! Kesho yake hakuamka kwenda hata uani. Mungu anamwona huyo mtu."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Ndiyo, mama! Ndivyo nilivyosema, baba. Na Jumapili iliyofuata akamlaani tena, na nyingine tena, huyo dereva asiye na haya, sijui ana wazazi huyo, sijui alilelewa wapi, na mimi huku naitikia. Ulinificha, na mimi nikaingia ndani ya maficho yako nikajifungia. Muuguzi mmoja ninayesali naye ameniambia baridi haikukuua, ni ugonjwa, na ungetutoka hata kama ungebaki kitandani. Nimemsikia. Pengine ni kweli. Lakini nikizima taa ninachosikia ni wewe unavyosema maneno mawili na kupumzika.

Sasa wanasema mipaka inafunguliwa. Wenzangu wote wanatafuta tiketi, mimi nimekuwa natafuta visingizio. Ningeingiaje nyumba ile, nikae kwenye kiti chako, mama aniletee chai na kumlaani dereva mbele yangu? Basi leo alasiri nilimpigia, nikamkatiza hata kabla hajamaliza kuulizia hali ya hewa.

"Mama, yule dereva ni mimi."

Nikasikia anaburuta kiti, akaketi.

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Nilikuwa nimelala ubavuni pake. Simu ya baba yako ilikuwa inasikika mpaka kwa jirani. Ulipotoa shikamoo tu, nikajua. Yeye akarudi ananidanganya eti dereva amekwama, nikamwacha, alikuwa amechoka."

"Sasa mama, mbona kila Jumapili..."

"Kukutukana wewe ningewezaje? Nimekuzaa. Nikamtukana dereva." Akashusha pumzi. "Na nilikuwa nangoja unikatalie. Kila Jumapili nangoja. Unasema ndiyo mama, ndiyo mama."

Nikalia, baba, nililia kama mtoto. Nikamwambia, nisamehe mama.

"Sijafika huko," akasema. "Nimekukasirikia sana, na bado nimekukasirikia. Kesho nipigie."

"Kesho ni Jumatatu, mama."

"Najua kesho ni nini. Nipigie."

Pumzika, baba. Mimi ndiye niliyekuinua kwenye joto la kitanda chako, na sina wa kumsingizia.

Ni mimi, binti yako