Unga Uliooshwa

Jumatatu, 2 Juni 2025

Mistari miwili! Nimepima mara mbili, nikaficha kipimo ndani ya soksi, kisha nikakitoa tena nikitazame. Tulipanga iwe mwaka ujao. Nesi Julieth aliniambia nikiwa tayari niende kwanza nichukue vidonge vya foliki, ndipo nishike mimba. Mimba haikusubiri foleni. Mume wangu Leodgar alipoona alikwenda kukaa karakanani kwake kati ya mbao. Najua anamuwaza nani. Raymundi wetu – kichwa kikubwa, mgongo wazi. Hakumaliza mwezi. Mama mkwe ndiye aliyemwogesha mara ya mwisho. Mimi sikuweza.

Hofu ninayo. Lakini unga ninao pia. Tangu mwaka jana nanunua ule wenye virutubishi, nesi alisema foliki imo humo. Nimekula ugali kama mbeba magunia. Nimejitahidi, Mungu ananiona.

Jumatano, 4 Juni

Nimemwambia mama mkwe. Kapiga vigelegele mpaka jirani yetu Recheli akachungulia juu ya ukuta. Mama Eustadia akifurahi hana breki. Alikuja hapa Chemchem kunitunza baada ya msiba, na hajarudi kijijini mpaka leo. Jiko ni lake. Nami, na mdomo wangu huu unaowatoa jasho wateja kule Gongoni, kwake naitika tu ndiyo mama. Si woga. Mtu aliyemwogesha mwanao huwezi kubishana naye juu ya chumvi.

Tumbo linachafuka. Nashona sare za kwaya huku nameza mate.

Jumamosi, 7 Juni

Kichefuchefu kilinishinda, nikafunga kibanda changu cha kushonea mapema. Narudi – uani kuna turubai, na juu yake unga umetandazwa juani, mweupe pee. Ndoo pembeni. Chini ya mpapai maji yamemwagwa, udongo umebaki na weupe.

Nikamwamkia, nikauliza huo unga gani. Akacheka kama mtu aliyekutwa anaficha zawadi.

Kwao mahindi hukobolewa, hulowekwa, huoshwa, huanikwa, ndipo yasagwe. Unga ambao haukupita kwenye maji, kwake ni mchafu. Hilo nalijua, na ugali wake wa hivyo naupenda. Nililokuwa silijui ni hili: kwenye jumuiya ya kanisani walipeana habari kwamba unga wa kiwandani una dawa ya kuzuia uzazi. Basi mama, tangu Kwaresima, kila mfuko ninaoleta anaumimina kwenye ndoo ya maji, anakoroga, anaacha utuame, anamwaga maji ya juu. Anauanika, anausugua mikononi, anaurudisha kwenye mfuko uleule. Mimi nikiwa Gongoni na cherehani yangu. Akanishika mkono.

"Nimekutolea dawa yote, mwanangu. Na si umeona? Umeshika!"

Nikasema asante mama. Asante! Kisha nikaingia chumbani nikauma mto.

Jumatatu, 9 Juni

Kliniki. Nimemweleza nesi Julieth. Hakunigombeza – ningependa anigombeze. Alisema mgongo wa mtoto hufunga wiki za mwanzo kabisa, wengi wetu hata hatujajua kama tuna mimba. Foliki inasaidia wakati huo. Unga uliolowekwa ukaanikwa juani, hajui kimebaki nini, labda kidogo. Akasema pia watoto wengi huzaliwa wazima hata bila hayo, na wapo wanaokula kila kitu na bado… Nikamwambia basi, nimeelewa. Kanipa vidonge nianze leo leo. Utrasaundi ya kuangalia mgongo ni Septemba. Mpaka hapo, nishone tu.

Nimemwambia Leodgar. Alisimama na randa mkononi, akataka kwenda kumkabili mama yake palepale. Nikazuia mlango.

"Ukimwambia, umemuua. Unataka kuzika wangapi?"

Ameniapia. Ila nimemwona alivyoirusha randa.

Jumapili, 29 Juni

Mama kaweka nia ya misa kwa ajili ya tumbo langu. Padri kalisoma jina langu. Nimelia, watu wamedhani furaha.

Jumatano, 6 Agosti

Leodgar hamtazami tena mama yake usoni. Anakula kwa mafundi wenzake, anasingizia kazi. Mama anamwekea chakula, anakifunika, asubuhi anakifunua kipo vilevile. Jana kaniuliza kama kuna kitu amemkosea mwanawe. Nikasema ni uchovu. Nadanganya vizuri siku hizi.

Mtoto kacheza leo! Nimeshika tumbo nikicheka peke yangu. Halafu nikakumbuka – Raymundi naye alikuwa akicheza.

Unga bado anaosha. Sijamzuia. Mgongo kama ulifunga, umefunga. Kama haukufunga, nimnyang'anye ndoo ili iweje?

Alhamisi, 4 Septemba

Kesho ndiyo utrasaundi. Leo nilikwenda kupima presha, mama akanisindikiza, amechoka kutazamana na ukuta. Benchini nesi alikuwa akiwafundisha kina mama. Foliki. Unga wenye virutubishi. Mgongo wazi. Moyo ukanipasuka! Nikamwambia mama twende nje tukatafute ndizi. Hakusogea. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Njiani Recheli alitusalimu, mama akampita tu.

Ndoo aliyolowekea asubuhi ilikuwa uani, unga umeshatuama. Akakaa karibu nayo, akayaangalia yale maji. Hakuyamwaga. Jua limepanda ukutani, bado yupo. Mimi nimekaa barazani na daftari hili, najifanya naandika vipimo vya wateja.

Sasa ameinuka. Amekuja akakaa kwenye kigoda, miguuni pangu – yeye, mama mkwe wangu! Ameweka mkono juu ya tumbo.

"Mektilda. Yale maji niliyokuwa namwaga, yalikuwa na nini?"

Hajawahi kuniita kwa jina. Siku zote ni mwanangu.

Mimi na mdomo wangu wote huu. Nimemwambia angoje kidogo, mama, nimalize mstari. Kaitika kwa kichwa. Mstari nimeumaliza, nimeanza mwingine. Mkono wake haujaondoka. Mtoto anacheza chini yake, naye anamsikia, ananitazama, anangoja