Da Rukia, Kumbe Nilikuwa Mgonjwa Wako

Da Rukia,

Salamu zimegoma kunitoka, kwa hiyo niache nianze bila salamu. Nina swali, na mwenye jibu lake ni wewe peke yako, nawe umeshaondoka nalo. Uliwaambia watu wa umoja wetu wa huku kwa Wachina kwamba siwezi kuvaa nguo mwenyewe? Mimi? Mimi niliyekufunga vifungo vya gauni, mkono wako wa kushoto umelala pale kama si wako?

Ngoja nikueleze taratibu, maana na mimi mwenyewe sijalielewa vizuri.

Jana tumekusomea hitima. Ilikuwa kwa Bwana Shaibu, mwenyekiti, kwenye ofisi yake ya mizigo kule juu kwenye ghorofa la Tianxiu. Walisogeza marobota ukutani, wakatandika mikeka, wanaume upande wa dirishani na sisi karibu na mlango. Pilau alipika Bi Saada na ikamwungulia chini, ungekuwepo ungesema. Watu walijaa mpaka kwenye korido, wengine siwajui hata kwa sura. Nikasema moyoni, kumbe dada yangu alikuwa na watu.

Baada ya dua Bwana Shaibu akauliza kama yupo anayemdai marehemu, aseme au asamehe. Wote wakasema wamekusamehe. Nililia pale mpaka ncha ya mtandio ikalowa. Halafu akasema, kwa vile watu tupo, tumalize mambo mawili madogo ya umoja. Hayo madogo ndiyo yaliyonimaliza.

La kwanza lilikuwa posho ya kuuguza. Hiyo unaijua kuliko mimi. Mwenzetu akilazwa, mmoja anaacha soko akakae naye hospitali, amwoshe, amlishe, amchotee maji ya moto, kwa sababu manesi wa huku kazi yao ni sindano na dripu, mengine yote ni ya ndugu. Na anayeacha soko hana pa kupatia riziki, kwa hiyo mfuko unamlipa. Mimi nilikuwa nimeshaipangia ile posho. Kodi ya chumba kwanza, na kitakachobaki niingie nacho soko la Zhanxi nichukue viatu vya kuuza, niendelee pale ulipoachia. Nikajiweka sawa, nikashika magongo yangu, nasubiri kuitwa. Akaitwa Maman Odette.

Nakwambia Maman Odette, Mkongomani wetu wa mlango wa pili, ambaye hata kwenye umoja hayumo. Wanaume wakija kukutazama walikuwa wanamkuta yeye amesimama na sufuria la supu, na mimi nimekaa kwenye kiti napumzisha mguu. Wakajumlisha wenyewe. Maskini yule mama akashangaa kuliko mimi. Akasema, "Bwana Président, mi nilikuwa naleta supu tu. Ye njo alikuwa anamuosha," akaninyooshea kidole.

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Walicheka kama unavyomcheka mtoto anayesema atabeba gunia la mchele. Bi Saada akanishika goti, akanibembeleza, kwamba mwanangu tunajua ulivyompenda dada yako. Nikamwambia nilimpenda na nilimwosha, yote mawili.

Bwana Shaibu alivua miwani akaanza kuifuta. Akasema hakuna anayetilia shaka moyo wangu, lakini kanuni ya mfuko ni kwamba mtu ama ni mwangalizi ama ni mwangaliwa, hawezi kuwa kote kuwili. Na mimi niko kwenye waangaliwa. "Marehemu alikuwa akipokea posho ya uangalizi kwa ajili yako tangu mlipofika huku," akasema. "Alitueleza hali yako yote."

Nikamuuliza hali ipi. Hakutaka kusema mbele za watu. Nikambana, unanijua nikishika jambo, na sasa natamani nisingembana. Akasema uliwaambia sivai bila kuvalishwa. Siendi chooni bila kushikwa. Siwezi kuachwa na jiko linawaka. Eti kila adhuhuri uliacha biashara ukarudi kunilisha.

Kunilisha, Da Rukia.

Nikahisi nimevuliwa nguo katikati ya mkeka, na aliyenivua ni wewe, na siwezi hata kukugeukia nikuulize kulikoni.

Ndipo mambo yakaanza kunijia moja moja. Wanawake wa umoja walipokuwa wakija kututembelea, ulikuwa unaniambia, "Lala, mdogo wangu, umeshinda umeinama," unanifunika shuka mpaka kidevuni. Nami nikiona ni mapenzi! Wao wanakuuliza wewe kama nimekula, wananitazama kama mtoto wa homa, mimi nalala pale natabasamu kama zuzu. Halafu mikutano. Kila siku ya mkutano ulisema lifti ya Tianxiu ni mbovu, usije, utaumia na ngazi. Jana nimepanda ile lifti. Nzima kabisa, hata haikupiga kelele.

Na kitanda hichohicho cha mgonjwa, wakishaondoka tu, unamwaga viatu juu yake nianze kazi. Hakuna robota la Zhanxi lililofungwa kabla halijapita mikononi mwangu. Nani alikuwa anatoa yale maboksi waliyotuchomekea viatu viwili vya kushoto? Unavirudisha kwa laoban, mwenye duka, anakukatalia "meiyou, meiyou," hakuna, hakuna, nawe unasimama mlangoni pake mpaka achoke abadilishe. Unarudi umechoka hoi, tunacheka mpaka Maman Odette anagonga ukuta. Mfanyakazi wako nilikuwa mimi, na mgonjwa wako pia mimi.

Sikatai kwamba uliniangalia. Haki ya Mungu sikatai. Baridi ya huku ikiingia mguu ukikakamaa, ni wewe uliyekuwa unaupasha kwa kitambaa cha moto, unaukanda, huku mwenyewe umesimama kutwa nzima sokoni Liuhua. Ni wewe uliyekataa chumba cha rahisi kwa sababu kilikuwa na ngazi. Najua ile posho ilikwenda wapi, haikwenda kwenye dhahabu. Sasa kwa nini usiseme hivyohivyo? Ungesema tu, mdogo wangu polio ilimpitia, anatembea kwa magongo, kuna anayoyaweza na kuna asiyoyaweza, namsaidia. Au ulishajaribu wakakunyima? Labda kwao mtu anayejikokota mwenyewe hastahili kitu, mpaka alale chali. Hilo nalo nimelifikiria.

Jambo la pili sasa. Walikuwa wamenichangia tiketi. Wamekaa, wamekubaliana, wamempata na mtu anayerudi Dar wa kunishika mkono njiani mpaka kwa Mama Magomeni. Pasipoti yangu Bwana Shaibu aliichukua siku ya maziko, akaniambia ni ya shughuli za kibali, nami nikampa bila kuuliza. Kumbe nilikuwa nimeshafungashwa kama mzigo, bado kubandikwa jina tu. Nirudi nikae uani kwa Mama, mtu mzima mwenye kazi yake, nisubiri kuletewa chai.

Nikaona njia ni mbili. Ninyamaze, jina lako libaki safi, na mimi nipakiwe. Au niseme, nikuumbue mbele ya watu waliotoka kukusamehe sasa hivi, kwenye hitima yako, pilau haijapoa.

Nimekusema, Da Rukia. Niliinuka nikasimama, nikasema, "Dada yangu aliwadanganya."

Nikawaambia jinsi ulivyopigwa na kiharusi, na jinsi nilivyokuuguza miezi yote ile. Nikawaeleza nilivyokuwa nakugeuza: sikukuvuta wewe, nilivuta shuka uliyolalia, mguu wangu mzima nimeukaza kwenye chuma cha kitanda. Jinsi nilivyokulisha uji kwa upande wa kulia kwa sababu wa kushoto ulikuwa unamwaga. Kwenye kuchota maji ya moto mikono yangu ilikuwa haina nafasi, imeshika magongo, nikawa naifunga chupa ya maji mgongoni kwa kanga kama nimebeba mtoto. Wachina wa kwenye birika kubwa la korido ya hospitali walinicheka siku za mwanzo, baadaye wakawa wananikazia kifuniko na kunikagua fundo. Maman Odette akadakia, "Ni kweli, niliona na macho yangu." Safari hii hakucheka mtu. Bi Saada alikuwa ametazama chini, maana tulikuosha pamoja siku ya maziko, na aliniona nilivyokushika. Alikuwa ameona na bado hakuona.

Bwana Shaibu akasema kwa sauti ya chini kwamba, ikiwa ndivyo, marehemu alichukua kisicho haki yake. Watu walikusamehe wakiwa hawajui hilo, na mfuko ni wa wote, yeye hawezi kuufungia macho. Hakusema kwa kisasi. Alionekana ameumia, nadhani alikuheshimu sana.

Moyo ulinipasuka. Nilikuwa nimekuvua nguo ili nijivike mimi, na sasa umebaki hivyo, na kaburini huwezi kujitetea. Nikamwambia, "Posho yangu ya kuuguza siitaki. Irudi mfukoni badala ya alichochukua dada. Lakini mtamke hapahapa, watu wote wasikie, kwamba Mwajuma alimuuguza dada yake kwa mikono yake. Na mnirudishie pasipoti yangu."

Waliangaliana. Mmoja upande wa dirishani akasema mlemavu hawezi kuachwa peke yake nchi ya watu. Nikamuuliza nani aliyekuwa peke yake na mgonjwa wakati yeye yuko sokoni.

Bwana Shaibu akafungua mtoto wa meza, akanipa pasipoti mkononi. Akawaita na waliokuwa kwenye korido waingie. Akatamka kama nilivyotaka, jina langu kamili mpaka la babu. Kisha akauliza upya, sasa wakijua, kama wamekusamehe. Wakaitikia, wengine haraka, wengine kwa kujivuta, lakini waliitikia wote. Deni lako na umoja limekwisha, dada. Kwa hilo usiwe na wasiwasi huko uliko.

Nilidhani nitafurahi. Nilitoka pale nikakaa chini karibu na lifti kama niliyepigwa rungu. Maman Odette akanikuta, akakaa na yeye. Hakunipa pole. Alisema tu kwamba kodi ya chumba chake imepanda na kitanda chako kiko wazi, basi tulipe nusu kwa nusu. Leo ameshaleta masufuria yake. Kelele zake utazisikia mpaka huko. Na kesho asubuhi nakwenda Zhanxi mwenyewe, nikaongee na laoban wa viatu uso kwa uso. Anajua mkono wangu kwa viatu vile vya kushoto vilivyomrudia, hajawahi kuniona sura.

Lakini swali langu bado liko palepale, na ndilo lililoninyima raha. Ulisema vile kwa ajili ya posho tu, au ndivyo ulivyokuwa ukiniona? Siku za mwisho, nikimaliza kukuosha, ulikuwa unanitazama machozi yanakutoka, na kwa ulimi ule mzito unasema, "Nisamehe." Nikadhani ni kwa ajili ya shuka ulizochafua. Nikawa nakujibu, usijali, zitafuliwa. Pengine ulikuwa unataka kuniambia, na mimi nikakukatiza kwa habari za shuka. Pengine zilikuwa shuka kweli. Sitajua, na nakasirika kwamba sitajua, na nakukosa mpaka kifua kinauma, yote kwa pamoja.

Jana wakati wanaitikia, Bi Saada alinigeukia kuona kama na mimi naitikia. Sikuitikia, Da Rukia. Midomo ilikataa. Umati wote ule umekusamehe mara mbili na nimebaki mimi peke yangu.

Pumzika. Dua zangu hazikatiki, hizo nakuombea hata nikiwa na hasira. Na msamaha wangu nakuahidi utaupata. Nitakuja nao makaburini kwa magongo yangu, nikae chini pembeni yako, nikutamkie kwa mdomo wangu mwenyewe. Ila si leo, dada. Leo bado.

Mdogo wako,
Mwajuma