Jina la Herufi Ndogo

Kaka,

Sisi tupo. Paa tumeziba, ila kiti cha baba hakuna anayekikalia.

Kifurushi chako cha dawa ya baba kimefika leo, siku ya tisa tangu tumzike. Chini ya lile jina kubwa ulilong'ang'ania kwenye simu kuna jingine, kwa herufi ndogo: amoksisilini. Ndilo lililokuwa kwenye boksi la bei nafuu nililomrudishia mfamasia. Aliniambia, "Dada, dawa ni ileile, kampuni tu ndiyo tofauti." Nikamwona mwongo, nikasubiri yako, baba akikohoa.

Hata baada ya mazishi, kila asubuhi mama ananiuliza kama dawa imefika. Namjibu bado, hata leo. Ukipiga simu, mwambie imepotea njiani, asije akazisoma hizo herufi ndogo.

Mimi mdogo wako, niliyekusikiliza.