Kiti cha Kusikilizia

3 Machi

Binti yangu,

Natumaini hujambo, na cherehani yako haijakuchosha. Mimi nimepona. Jicho lililopasuliwa linaona vizuri, na jambo la kwanza lililoliona ni aibu.

Jana, nikikwepa mvua, niliingia katika duka la santuri na CD kuukuu lililo nyuma ya posta. Nikapekua kreti moja, jalada baada ya jalada, nikakutana na mwandiko wangu. Kreti ya pili, mwandiko wangu. Ya tatu vilevile. Nilimwuliza mwenye duka amezipata wapi. Akasema aliletewa na mama mmoja mpole, aliyefurahi sana kupunguziwa mzigo.

Mama huyo mpole ni wewe. Mimi nimelazwa hospitalini na bendeji usoni, wewe unanihamishia kwenye chumba kimoja na kugawa vitu vyangu kana kwamba nimeshazikwa. Gramafoni umeniachia. Ni sawa na kumpokonya mtu chakula ukamwachia sahani. Nataka maelezo.

Baba yako


11 Machi

Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia kwamba jicho limepona. Huku sisi wazima.

Chumba chako kipya ni kidogo, Baba, na kreti zile zilijaa vumbi ambalo daktari alilikataza. Tangu Mama afariki, miaka sita sasa, sijakuona ukizigusa. Wewe mwenyewe uliniambia, "Muziki umekwisha katika nyumba hii." Nilikuamini. Nilikosea kutokukuuliza, nisamehe. Tafadhali nunua unazozipenda, gharama ni yangu.

Binti yako


19 Machi

Binti yangu,

Salamu zako nimezipokea. Mwili ni mzima, moyo haujapoa.

Ninunue? Mtu hanunui kilicho chake. Aliyezitoa ndiye atakayerudisha. Wala sitaki zote. Nataka moja, yenye jalada la kijani lililochanika pembeni.

Dukani pale kuna utaratibu: kabla ya kununua, mteja huruhusiwa kukaa kwenye kiti cha kona, akavaa spika za masikioni na kuisikiliza santuri. Basi nami huenda kila siku baada ya chakula cha mchana. Naisikiliza pande zote mbili, naifuta, nairudisha mahali pake na kuondoka. Leo mwenye duka aliniuliza, "Mzee, hii bado tu haijakuridhisha?" Nikamjibu kwamba naichunguza. Wateja wakacheka. Mmoja wao, mwenye mkoba uliojaa CD, alitaka kuliona jalada. Nikalificha nyuma ya mgongo mpaka alipochoka kusubiri. Kwa umri wangu huu, nimekuwa kama kuku anayeatamia.

Njoo uichukue kabla haijapata mwenyewe mwingine.

Baba yako


2 Aprili

Binti yangu,

Sikuulizi hali, kwa kuwa barua yangu ya mwisho hukuijibu.

Santuri imenunuliwa. Jumamosi niliisikiliza na kuirudisha. Jumatatu nafasi yake ilikuwa tupu. Mwenye duka alisema imechukuliwa na mwanamke mmoja, kisha akajifanya anapanga CD. Nilimwambia maneno ambayo sikuwahi kumwambia hata mwanafunzi mtoro. Uliyestahili kuyasikia ni wewe. Usiniandikie kuniomba radhi.

Baba yako


9 Aprili

Baba,

Shikamoo. Umenikataza kuomba radhi, kwa hiyo nakueleza tu.

Mwanamke huyo ni mimi. Jumamosi ile nilisafiri kuja kuichukua. Nilipofika mlangoni mwa duka nilikuona kwenye kile kiti, umefumba macho, mguu wako unapigapiga sakafu taratibu. Nilishindwa kuingia. Nilijiona mwizi. Nilisimama kwenye duka la viatu ng'ambo ya barabara mpaka ulipoondoka, nikainunua, nikamsihi mwenye duka asiseme, nikarudi na basi la jioni.

Nilidhani unaitaka kwa ajili ya Mama. Jana nikaitoa karatasi ya ndani, nikasoma ulichoandika kwa penseli: "Jumapili. Mtoto ameachia meza, amepiga hatua tatu kuufuata muziki. Mama yake yuko sokoni. Nimeona peke yangu."

Mtoto huyo ni mimi, Baba. Mbona hukuniambia?

Nimeifunga vizuri. Niitume kwa posta?

Binti yako


12 Aprili

Binti yangu,

Natumaini u mzima.

Kosa hili ni kubwa kuliko la kwanza. Umefika mtaani kwangu, ukasimama kutazama viatu, ukarudi ulikotoka bila kubisha hodi kwa baba yako. Kugawa santuri naweza kusamehe. Hilo, sijui.

Unauliza mbona sikukuambia. Uliniuliza lini?

Usiitume kwa posta. Watu wale huvunja hata barua. Iletwe kwa mkono, na atakayeileta akae mpaka pande zote mbili ziishe. Gramafoni nimeshaifuta vumbi. Mwenye duka nimekwenda kumwomba radhi, naye ameniazima kile kiti. Chumba ni kidogo, kama ulivyosema, lakini viti viwili vimeenea.

Baba yako