Tawi Moja la Mti wa Nekesa

Kayole, Nairobi
Jumapili alasiri

Mpendwa Mama Nekesa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na nguvu, na zikukute umelala usingizi wa kutosha, maana najua usingizi ulikukimbia. Goti linaendeleaje? Mvua imewafikia ama bado mnatazama mawingu tu? Na yule ng'ombe mweupe mkorofi, bado anapiga ndoo teke? Mimi huku mwili uko sawa. Kikohozi cha moshi wa kuchomelea kinakuja na kwenda, tumezoeana.

Barua hii unaletewa na Mwalimu Barasa, jirani yetu wa kule mlimani, ambaye alikuja Nairobi kumwona mwanawe. Pamoja na barua kuna mkebe mdogo. Usiufungue kwanza. Soma mpaka mwisho.

Utashangaa mtu mwenye simu anaandika barua kama watu wa zamani. Ni hivi. Tangu tumzike mtoto wetu, kila Jumapili unanipigia na kuniuliza neno moja: "Mti haujambo?" Nakujibu, "Haujambo." Unasema, "Haya," unakata. Basi. Mume na mke wa miaka ishirini na minne, maongezi yetu yote ndiyo hayo. Kwa simu nitaanza kusema, utakata, nami sitakuwa na moyo wa kuanza tena. Barua haikatwi.

Kama umesimama, kaa. Mti wa Nekesa ulioza, mama. Nimekudanganya Jumapili saba mfululizo.

Wewe uliuona kwenye picha tu, ukaomba niulete Desemba tuupande kaburini, kwa hivyo wacha nikueleze ulikuwa mti gani. Nekesa aliuleta ukiwa kijiti cha urefu wa kidole. Alipewa na Mama Kamau, yule mama wa Murang'a anayeuza miche kando ya Spine Road. Akautia katika mkebe wa mafuta ya kupikia, akatoboa mkebe chini kwa msumari wangu bila hata kuniomba. Miaka mitatu baadaye kile kijiti kilikuwa mti kamili: shina nene la kahawia lenye mikunjo, matawi yametawanyika kama ya mti wa shambani, ila wote ulinifika gotini. Majani yake ni manene na yanang'aa, ukilifinya moja linatoka maji. Alisema lile shina ni kama shingo yangu, akaupa mti jina, Buda Mdogo, maana mimi aliniita Buda, yaani mzee, kama vijana wa mjini. Wageni wakija anawaambia, "Huyu ni Buda Mdogo, na yule anakoroma hapo ni Buda Mkubwa." Mtoto hakuwa na adabu hata kidogo.

Alipougua figo, daktari alituambia maneno ambayo sijayameza hadi leo. Alisema figo zikikataa kazi, maji hayana mlango wa kutokea. Yanabaki mwilini, yanajaza miguu, yanapanda hadi mapafuni. Kwa hivyo kwa siku nzima asinywe maji zaidi ya kipimo cha chupa moja ndogo ya soda, chai na mchuzi humo humo. Mara mbili kwa wiki nilimpeleka kusafishwa damu, na siku za katikati zilikuwa siku za kiu. Wewe ulikuwa huko unamuuguza mama yangu na kulea wadogo zake. Sikulaumu, na asikudanganye mtu kwamba nakulaumu. Lakini hukuiona ile kiu. Midomo ilipasuka. Alikuwa anakiweka kipande cha barafu chini ya ulimi na kukitunza kama peremende. Akitazama mti wake dirishani anasema, "Huyu ndiye tunaelewana. Sisi wawili hatutaki maji mingi."

Sasa tufike pale penyewe. Siku ya kunyoa nywele baada ya mazishi, watu walipoketi uani kwetu kusema yaliyo moyoni, shangazi yake alisimama mbele ya wazee akasema nilimfungia mtoto maji kwa kufuli. Ulinigeukia ukaniuliza, "Ni kweli?" Nikanyamaza. Watu wote wakaona nimenyamaza. Nilikuwa na hasira, Mama Nekesa. Mimi niliyembeba mgongoni kwenye ngazi za orofa tatu, kila safari ya hospitali, leo niulizwe hivyo kama mwizi wa kuku? Kiburi kikanifunga mdomo. Na wewe tangu siku ile hukuniuliza tena chochote ila mti.

Nakujibu sasa. Ni kweli.

Unajua maji ya huku yanakuja siku mbili kwa wiki, na yakija tunajaza lile pipa la jikoni. Asubuhi moja nilimkuta Nekesa ameingiza kichwa ndani ya pipa, anakunywa kwa mdomo huku analia. Nikamtoa. Akaketi sakafuni, nywele zinachuruzika, akaniambia, "Buda, funga hii kitu. Ufunguo kaa nayo. Nikilia usinipe. Hata nikikutusi, usinipe." Akanishika mkono akataka niape, nikaapa. Siku hiyo hiyo nilichomelea kifuniko cha chuma nikatia kufuli. Na alinitusi, haki ya Mungu! Matusi mengine sikujua mtoto wa kanisa anayajua. Sikumpa. Jioni anakuja kuniegemea begani anasema, "Leo nimekutusi vizuri, eh?" Tunacheka, halafu nageuka nitafute kitu cha kufanya.

Nilipotoka kwenye mazishi na kufungua mlango, aliyenipokea ni ule mti. Ufunguo wa pipa ulikuwa mfukoni, lakini nilichukua msumeno nikaikata kufuli vipande viwili. Nikachota kikombe, nikaumwagilia. Nikausikia udongo ukinywa. Mama, moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza. Kesho yake asubuhi nikampa kingine. Jioni kingine. Sisi tumekulia kwenye vitalu vya sukuma wiki, tunajua kumwagilia asubuhi na jioni, na mche ukilegea unaongezewa. Nani aliniambia kuna mti unaouawa na maji? Na hata angeniambia, nilikuwa nimemnyima mtoto wangu miezi minane. Singeweza kuunyima na mti wake.

Halafu nikaona aibu mti wa Nekesa ukae katika mkebe wa mafuta. Nikautengenezea chungu cha bati zito, maua ya chuma pembeni, na jina lake mbele kwa waya uliopindwa. Unanijua na kazi yangu. Nilijaza maji kwanza kukipima, kama ninavyopima matangi ya wateja, nikakizunguka na kitambaa kikavu nikitafuta unyevu. Hata tone. Nikajisifu pale peke yangu, nikasema hiki hakitavuja hata kwa wajukuu.

Baada ya muda majani yakaanza kuwa manjano. Ukiligusa moja linaanguka. Nikasema hii ni kiu, nikaongeza kikombe cha mchana, narudi kutoka kazini kwa ajili yake tu. Siku moja nikashika shina na kidole kikazama kama kwenye ndizi iliyoiva kupita kiasi. Nikaubeba na chungu chake mpaka kwa Mama Kamau.

"Ngai!" akasema. "Baba Nekesa, umefanyia huyu mti nini?"

"Naupa maji."

"Mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Siku hizi na mchana."

Akapiga makofi ya mshangao. "Huu mti ni ngamia! Maji yake iko kwa majani. Unangoja udongo ukauke kabisa, unangoja tena, ndio unapea kidogo." Akachungulia chini ya chungu changu, akakigonga kwa kisu. "Na hii maji yote unamwaga, inatokea wapi?"

Maneno ya daktari yalinirudia yote, neno kwa neno. Mimi niliyeambiwa jambo lile kuhusu mtoto wangu nikaliishi kila siku, nimekwenda kuutengenezea mti wake chombo kisicho na mlango. Nililia pale kando ya barabara, mzee mzima, na aproni ya kazi kifuani. Wateja wa miche wakasogea kando. Mama Kamau hakuniambia nyamaza. Aliniwekea mtungi mtupu niukalie, akaanza kukata.

Alikata akienda juu, kila akikata anaangalia ndani. Penye duara la kahawia anatupa, anakata tena. Tulipata vipande vitano safi tu, vyote vya kileleni. Akanifundisha kazi yake, nami nakuandikia kwa sababu utaihitaji. Tawi lililokatwa halipandwi siku hiyo. Unalilaza kwenye gazeti kivulini wiki nzima, mpaka kidonda kikauke na kufunga ngozi. Likipandwa na kidonda kibichi, linaoza. Mkebe uwe na matundu. Udongo uchanganywe na mchanga mwingi na kokoto ndogo. Na maji usitie mpaka lishike mizizi.

Kisha akaniambia jambo lingine. Alikuwa na mti kama ule, umri ule, umbo lile, hata mikunjo ya shingo. "Chukua huu. Yote ni ndugu moja. Mama yake hawezi jua." Nilimwamini, kwa kweli huwezi kujua. Niliubeba nyumbani, nikauweka dirishani, na Jumapili ile uliponiuliza nikakujibu haujambo huku nautazama. Siku tatu niliishi nao. Ya nne niliurudisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sikutaka usimame siku ya kumbukumbu yake mwezi wa Desemba, mbele ya watu, upande kichwani pa kaburi la mtoto wetu mti ambao hakuwahi kuushika. Shangazi angekuwa na haki ya kunisema wakati huo.

Vile vipande vitano, viwili vilinyauka kwenye gazeti. Viwili nilivipanda, vikaoza. Nakiri kimoja nilikinyunyizia maji kidogo, mkono ulinizidi. Kimoja kilibaki. Hicho sikukigusa. Mama, hakuna kazi ngumu kama hiyo, naomba uniamini mimi ninayebeba vyuma. Nilikitazama kikilegea, majani yanakunjamana, pipa liko hatua tatu, halina kufuli, na nimeketi nimekalia mikono yangu. Wiki ya tano nikakivuta polepole kikakataa kutoka. Kimeshika. Sasa kina majani mawili mapya, madogo kama punje za kunde, yenye ukingo mwekundu.

Kuna jambo moja limebaki, na hili sijamwambia mtu. Siku ya mwisho, saa kumi za jioni, Nekesa aliniomba maji. Hakulia wala hakutusi. Aliomba kwa upole tu, "Baba, kidogo." Hakuniita Buda. Chupa yake ya siku ilikuwa imekwisha, kesho yake ilikuwa siku ya kusafishwa damu, na nilikuwa nimeapa. Nikamwambia, "Kesho, mama yangu." Akasema, "Sawa." Alfajiri hakuamka. Daktari aliniambia ni moyo, na kwamba kikombe kile kisingemwongeza siku. Labda. Lakini pia kisingempunguzia, Mama Nekesa. Ningejua ni cha mwisho ningempa pipa zima. Shangazi alisema mtoto alikufa na kiu. Hakukosea. Ndiyo maana hasa nilinyamaza, zaidi ya ile hasira niliyokuambia.

Fungua mkebe sasa. Tawi liko humo, ndilo hilo, hakuna lingine. Nilitamani kulibakiza hapa dirishani, maana wewe una kaburi na mimi nina chumba tu. Lakini ni lako, uliliomba. Liweke penye jua la asubuhi, na kuku wasilifikie. Likikua mpaka Desemba mtalipanda, na pale kaburini udongo ni mfinyanzi, kwa hivyo chimbeni shimo kubwa mjaze mchanga wa mtoni. Utaliona siku nyingine limelegea, na utataka kulimwagilia. Najua utataka. Ng'oa mkono wako pale uende ukafue nguo. Maji mara moja tu udongo ukikauka mpaka chini, na kidogo.

Nisalimie mama yangu hapo kitandani, mwambie dawa ya miguu naitafuta. Nisalimie wadogo zake Nekesa, na yule kitindamimba aache kupanda juu ya paa la jiko. Msalimie kaka yako mkubwa, aliyechimba kaburi mwenyewe bila kukubali kupokezwa jembe. Hata shangazi mpe salamu, na ukipenda msomee barua hii.

Sasa mti uko kwako. Jumapili ijayo hutakuwa na mti wa kuniulizia. Simu yangu nitaiweka mezani, iwe na chaji, na sitatoka nyumbani.

Ni mimi mumeo,
Baba Nekesa